Mpaka wa Mtini

Antidoro wa Eleusi na Damoteli wa Megara walikuwa wakiwaibia miungu ardhi, na kila mmoja alijua ya mwenzake. Kati ya mashamba yao lilikuwepo pori la Mama na Binti, miungu wa kike wawili wa Eleusi, pori lisilolimwa wala kupandwa kitu tangu enzi za mababu. Antidoro alilimega kutoka upande wa mashariki, Damoteli kutoka magharibi, tuta moja mwaka huu na tuta jingine mwaka ujao. Timareta, mke wa Antidoro na dada wa Damoteli, aliwapelekea wote wawili mkate wa shayiri na zeituni, akawasikiliza wakitaniana.

"Shemeji! Plau yako imevuka korongo!" Antidoro alipaza sauti.

"Haijavuka. Korongo ndilo lililosogea."

"Makorongo ya Megara yana miguu?"

"Yanawakimbia Waathene, kama watu wengine."

Walicheka hadi ng'ombe wakasimama. Mpaka wa Megara ulikuwa lile korongo kavu, kila mtu alijua. Baada ya korongo, ukielekea Megara, ndipo palipokuwa na vitunguu saumu vya Damoteli, kisha banda lake la mawe, na nyuma ya banda mtini mkubwa ambao babu yake na Timareta aliupanda. Kefisodoro, mwana wa pekee wa Timareta, alikulia juu ya mtini ule. Mama yake akimtafuta Eleusi asimpate, alijua yuko kwa mjomba, ameketi kwenye tawi, midomo imenata utomvu.

Timareta aliolewa wakati Megara na Athene walikuwa chanda na pete. Askari wa Athene ndio waliolinda mji wa kwao, tena wakawajengea kuta ndefu mpaka bandarini, na msichana wa Kimegara aliyeposwa na Mwathene alionewa wivu na wenzake. Halafu Megara ikageuka. Alfajiri moja watu wa mjini waliwachinja wale walinzi, wachache tu wakanusurika, na Megara ikarudi upande wa Wasparta. Siku ile Timareta alikuwa Eleusi, anamwogesha mtoto. Majirani walipita mlangoni wakamtazama bila kumwamkia. Miaka ikapita, wakaanza tena kumwamkia, naye akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Athene ilikuwa imeyaweka moyoni.

Mwaka mmoja walikuja wakaguzi kutoka mjini Athene, watu wa nguo safi na viatu visivyojua tope. Walisema wamesikia kwamba Wamegara wanalima pori la Miungu, tena wanawapokea watumwa wanaotoroka kwa mabwana zao. Walipolizunguka pori, kitu cha kwanza walichokiona ni matuta ya Antidoro.

Timareta alikuwa ndani anasuka sufu, akasikia mazungumzo uani.

"Haya ya nani?" aliuliza mkaguzi.

"Ya... ya zamani, bwana," alisema Antidoro.

"Ya zamani yana shayiri changa?"

Kisha mkaguzi akalegeza sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Hatukuja kwa ajili yako. Mke wako ni Mmegara, sivyo? Watu wanasemasema, lakini mimi sina haja ya kumsumbua raia. Tuambie tu mpaka wa Megara uko wapi, uape kwa Mama na Binti, na haya yako hakuna atakayeyaona."

"Mpaka uko..." Antidoro alikohoa. Timareta aliacha kusuka. Alisubiri asikie neno korongo.

"Uko kwenye ule mtini," alisema mumewe.

Aliapa siku ileile, mkono juu ya madhabahu. Kwa kiapo hicho shamba lote la Damoteli, pamoja na banda alilozaliwa baba yake, likawa limo ndani ya ardhi takatifu, na Damoteli akawa mwizi wa miungu wa miaka mingi.

Walipobaki wawili, Timareta alimfuata zizini.

"Mtini, Antidoro? Mtini?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ulichokiona kwa macho yako tangu utoto."

"Ningesema korongo, wangeniuliza mimi nalimaje huku. Wangeuliza na mama wa mwanangu ni wa wapi. Unajua Kefisodoro aliponea chupuchupu, angezaliwa baada ya ile sheria inayotaka mama naye awe Mwathene, asingekuwa raia. Unataka waanze kumchimba?" Alikuwa akimpapasa ng'ombe shingoni, hamtazami mkewe. "Na itakuwa nini? Kaka yako atatozwa faini. Nitamsaidia kuilipa."

Kwa kweli hakuna aliyetoza faini. Waathene walikutana, wakanyoosha mikono, wakapitisha amri kwamba Mmegara yeyote asionekane katika soko lao wala katika bandari yoyote iliyo chini yao. Na bandari zipi hazikuwa chini yao? Nguo za sufu za Megara, chumvi yao, vitunguu vyao, vyote vilikosa pa kwenda, na nafaka ikakosa pa kutokea. Sokoni Eleusi, Timareta alimwona mama mmoja wa kwao akipokonywa kapu. Mama yule alilia kwa lafudhi ya Kimegara, na vijana wakamwigiza, wakazikokota zile irabu kama yeye. Timareta alinunua samaki wa chumvi bila kufungua mdomo, kwa kuonyesha kidole tu, akaondoka.

Baada ya hapo Athene ilimtuma mpiga mbiu kwenda Megara kulalamika, na mtu yule akafa njiani. Wamegara walisema aliugua. Waathene walisema ameuawa, nao wakaongeza amri: Mmegara atakayekanyaga ardhi ya Athene auawe papo hapo.

Jirani yao Menipo, aliyekua pamoja na Kefisodoro, ndiye aliyeuliza kwa mzaha mbele ya watu, "Na waliokwisha kuikanyaga je? Walio jikoni wanatupikia?"

Watu walicheka. Jioni Antidoro alimwambia mkewe afunge nguo zake.

"Ni kwa muda tu," alisema. "Mpaka mambo yapoe."

"Unanifukuza."

"Nakuokoa."

Kefisodoro alimsindikiza. Alikuwa kijana wa kuwekwa jeshini sasa, kifua kipana, ndevu bado hazijakaza. Walitembea wakipitia chini ya vilima viitwavyo Pembe. Walipofika korongoni alisimama, akamkabidhi mama yake furushi.

"Nitakuja kukuchukua, mama."

"Njoo bila ngao," alisema Timareta. Alitaka iwe mzaha, lakini mwanawe hakucheka, naye akajuta.

Damoteli alimpokea dada yake bila neno la lawama. Mkewe, Filina, alimpokea kwa lawama zote mbili, zake na za mumewe. Mwaka ule njaa iliingia Megara taratibu. Kwanza watu waliacha kuwapa mbwa chakula, kisha mbwa wenyewe wakaanza kupungua. Wajumbe walikwenda Sparta kulia, wa Megara na wa Korintho pia, maana Wakorintho walikuwa na machungu yao na Athene. Wasparta wakatuma watu kuwaambia Waathene: futeni ile amri juu ya Megara, na vita haitakuwepo. Waathene wakakataa.

Habari ilipofika, mjini Megara watu walishangilia. Walikumbatiana barabarani kama walio harusini. Damoteli alirudi kutoka huko, akaketi kizingitini.

"Wanaimba," alisema. "Wenye njaa wanaimba."

"Si tutalipiwa kisasi chetu?" alisema Filina. "Wasparta wanakuja. Athene itatema ilichokula."

"Wasparta wakishakuja watarudi kwao. Sisi tutabaki hapahapa."

"Yote haya kwa ajili ya matuta ya vitunguu," alisema Timareta.

Kaka yake alitikisa kichwa. "Dada, Athene haina shida na vitunguu vyangu. Barabara ya kutoka Sparta inapita mlangoni kwetu. Tuna bahari huku na bahari kule. Tulikuwa mkononi mwao, tukawaponyoka, tena tukaua watu wao usingizini. Hilo hawajalisahau, na mimi mwenyewe siku ile nilishangilia. Na Wasparta nao wanaiona Athene inanenepa, hawalali. Miungu ni kisingizio tu."

"Na kisingizio walipewa na nani?" aliuliza Filina. Hakumwangalia mtu, lakini Timareta aliinuka akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Wasparta walikuja kweli, wakachoma mashamba ya Eleusi, wakarudi kwao kuvuna. Watu wa Eleusi walikuwa wamekimbilia ndani ya kuta za Athene. Timareta alisimama nyuma ya banda akautazama moshi, akajaribu kukisia upi ni wa nyumba yake.

Zabibu zilipokwisha kukamuliwa ikawa zamu ya Athene. Jeshi lake lote lilitoka, wazee na vijana na wageni, wengi kiasi ambacho Megara haijapata kuona. Tarumbeta ilipigwa mjini, kila mtu akakimbilia ndani ya kuta. Damoteli alimfikisha mkewe hadi langoni, kisha akageuka.

"Unakwenda wapi?" Filina alimshika vazi.

"Mbegu. Mbegu zote za vitunguu zinaning'inia bandani. Wakizichukua, mwakani tutapanda nini? Mawe?"

"Acha mbegu, Damoteli!"

"Nakwenda na kurudi."

Timareta alimfuata. Watu wawili hubeba zaidi ya mmoja, ndivyo alivyomwambia. Lakini moyoni alikuwa na jambo jingine, nalo lilimwaibisha: alitaka kuliona jeshi lile kwa karibu, pengine amwone mtoto wake japo kwa mbali, ajue kwamba yuko hai na anakula.

Alimwona kwa karibu kuliko alivyoomba. Walikuwa bado wanakata kamba za mashada ya vitunguu pale watu walipojaza mlango. Waliwatoa nje, wakawasukuma hadi katikati ya shamba. Wenzao walikuwa tayari wanakata mizabibu na kuingiza vijinga vya moto kwenye majani ya paa. Na mbele ya kikosi, akiwa ameshika ngao ya baba yake, alisimama Kefisodoro. Alikuwa amekonda. Ndiye aliyewaongoza njia.

Alipomwona mama yake uso ulimbadilika.

"Wamegara hawa?" aliuliza mkuu wa kikosi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti iliyochoka, si mkali. "Wewe, mzee. Jina lako?"

"Damoteli. Hili ni shamba langu."

"Shamba lako, au la Miungu?"

"Langu. La baba yangu na la babu yangu. Pori la Miungu linaanzia korongoni, pale. Hata huyo kijana wako anajua. Kefi, mwambie bwana."

Wote walimgeukia Kefisodoro.

Mkuu wa kikosi alimwangalia. "Unawafahamu?"

"Ni mjomba wangu," alisema Kefisodoro polepole. "Na huyo ni mama yangu, mke wa Antidoro wa Eleusi. Ni mke wa raia, bwana. Asiguswe."

"Mke wa raia haguswi. Nauliza juu ya huyu." Mkuu alielekeza mkuki kwa Damoteli, bila chuki, kama mtu anayeonyesha njia. "Kama yuko Megara, ni mateka, tutamfunga tuondoke naye. Kama yuko ndani ya ardhi ya Miungu, hiyo ni ardhi ya Athene, na amri iko wazi. Haya. Wewe ndiye mwenyeji. Mpaka uko wapi?"

Moto ulikuwa umeshika paa. Timareta aliona macho ya mwanawe yakikimbia korongoni, yakabaki huko kidogo, yakarudi.

"Sema basi, Kefi," alisema Menipo, aliyekuwa nyuma yake. "Baba yako aliapa mbele yetu sote. Au baba yako aliapa uongo kwa Mama na Binti?" Alicheka kidogo, akawaangalia wenzake. "Au damu ya huku imeanza kuzungumza?"

"Nyamaza, Menipo."

"Nimenyamaza. Nasubiri kukusikia wewe."

"Mwanangu," alisema Timareta. "Wewe ulicheza hapa. Unapajua."

Kijana alikuwa anatokwa jasho, limemshuka hadi kwenye ndevu changa. Alimtazama mama yake kwa namna iliyomkumbusha Timareta mtoto aliyevunja chungu, anayeomba kwa macho mtu mwingine aseme badala yake. Hakuna aliyesema badala yake.

"Kwenye mtini," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Mpaka uko kwenye mtini."

Damoteli hakupiga kelele. Alisema tu, kwa mshangao, "Kefi?" kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha Menipo na mwingine wakamshika mabega. Lilifanyika haraka, maana jeshi lilikuwa na mashamba mengi ya kumaliza kabla ya jua kutua.

Timareta alijikuta amepiga magoti, kichwa cha kaka yake kiko mapajani, na joto la moto linamchoma mgongo. Kikosi kilikuwa kinaondoka. Kefisodoro peke yake alibaki amesimama.

"Mama. Inuka. Nitakupeleka nyumbani, nitasema nao, watakubali."

"Nyumbani wapi?"

"Mama, tafadhali."

"Nionyeshe ni wapi. Wewe ndiye unayejua mipaka."

Alianza kulia, mtu mzima mwenye ngao, akaisogeza ngao ili wenzake wasimwone. "Wangeniua nami," alisema. "Wangemwita baba mwongo. Wangekuja kwako pia. Ulitaka nifanyeje?"

Timareta alitafuta jibu. Angependa awe nalo, lolote, hata la kumlaani. Lakini alimfikiria Antidoro aliyeshika madhabahu, na Damoteli aliyeshangilia wale walinzi walipochinjwa, na yeye mwenyewe aliyenunua samaki kwa kidole huku mama wa kwao analia. Akainamisha kichwa, na alipokiinua, mwanawe alikuwa amekwisha kwenda.

Alimburuta kaka yake kwa vazi lake, akipumzika, akiburuta tena. Jeshi lilipita pande zote, hakuna aliyemgusa. Langoni walinzi wa Megara walimjua, wakamwacha nje mpaka Filina alipoitwa. Filina alimtazama mumewe, akauliza jambo moja tu.

"Nani alimwonyesha adui njia?"

Timareta alimwambia. Hakuona faida ya kuficha. Filina aliwaambia walinzi wauingize mwili, na mwanamke yule wafanye watakavyo. Mwishowe mlinzi mmoja mzee, aliyemfahamu baba yake, alimwachia apite, naye akalala miezi mingi chini ya ukuta pamoja na wakimbizi wa mashambani.

Waathene walirudi majira ya kupanda, na mwaka uliofuata wakarudi tena, na mwingine tena. Walizoea. Wamegara nao walizoea kuwasikia wakija. Mizabibu ilipokwisha walikata miti ya matunda, na miti ilipokwisha walikanyaga tu, ili isisemwe kwamba hawakuja.

Katikati ya miaka hiyo ikaja habari kwamba Athene ina tauni. Watu waliojazana ndani ya kuta walikuwa wakifa vibandani na visimani, na wengine wanachomwa mafungumafungu. Mateka mmoja wa Eleusi, aliyefungwa karibu na soko akingoja kukombolewa, alimjua Timareta kwa lafudhi yake iliyochanganyika. Alimwambia kwamba Antidoro amekufa, na Kefisodoro amekufa kabla yake, na kwamba kijana alipokuwa na homa alikuwa akiomba maji kwa Kimegara, wenzake wakaona haya.

Siku hiyo mji wa Megara ulikuwa unatoa sadaka kwa ajili ya tauni hiyohiyo, kushukuru. Watu walikuwa wamevaa mashada ya majani. Timareta hakunyoa nywele wala kujipaka majivu, maana nani angemvumilia mwanamke anayemwombolezea Mwathene siku ya furaha? Alikwenda chemchemini na mtungi wake kama siku zote, akaukaza uso usimsaliti.

Kina mama walikuwa kwenye foleni, wanazungumza. Mmoja alisema vita ilianza kwa ajili ya pori la Miungu. Mwingine akasema sivyo, ni watumwa waliotoroka. Wa tatu alisema mume wake anajua hasa, ni Wakorintho waliochochea, na Megara ikatumiwa tu. Msichana mmoja mdogo, ambaye hakumjua Timareta, alimgeukia.

"Shangazi, wanasema wewe uliishi kule. Hivi ilianzaje?"

Wale wengine waligeuka wamtazame. Maji yalikuwa yanaanguka ndani ya mtungi wa mtu, yanapanda kuelekea shingoni.

"Sijui, mwanangu," alisema Timareta.

Wakarudi kubishana. Naye akasogea nyuma kuwapisha waliokuja baada yake, kama alivyozoea, mpaka foleni ikaisha na chemchemi ikawa inatoa matone tu.